Damu Isiyosemewa

Dokta Adelina Ngassa alikuwa na ulimi mrefu kuliko sindano zake, na wauguzi wa wodi ya wazazi walishamzoea. Ukikosea umri wa mimba mbele yake, siku hiyo chakula cha mchana hakishuki. Lakini asubuhi Ng'washi alipoletwa na gari la wagonjwa kutoka Igunga, akalazwa kitandani na kupakwa yale mafuta ya baridi tumboni, dokta alikitazama kioo cha ultrasaundi akanyamaza. Alinyamaza mpaka sista Julieth, muuguzi wake, akatamani angalau atukanwe.

Mtoto alikuwa amevimba. Ngozi ya kichwa ilikuwa imeachana na fuvu, maji yamejaa tumboni mwake na kuuzunguka moyo, na moyo wenyewe ulikuwa ukienda mbio kwa kuwa damu uliyokuwa ukisukuma ilikuwa nyepesi mno. Mama ana damu hasi, mtoto karithi damu chanya ya baba yake, na mwili wa mama ulikuwa umeichukulia damu ya mwanawe kuwa adui na kuanza kuiharibu. Ng'washi alikwisha kuzika watoto wawili kwa ugonjwa huo huo. Huyu wa tatu alikuwa na miezi sita tumboni, na asipopata damu wiki hiyo, angewafuata wenzake.

Adelina aliujua ugonjwa huo kabla hajajua kusoma. Mama yake, Bernadeta, alikuwa akizaa pale Cheyo, mtaa wa hapa Tabora, watoto waliovimba, wenye midomo myeupe, na kuwazika mmoja baada ya mwingine. Akabaki na Adelina tu. Majirani wakasema kuwa mtoto yule anawala wenzake. Hakuna aliyemtamkia usoni, ila akitumwa chumvi kwenye nyumba yenye mjamzito, alipokelewa nje na mlango ukarudishwa. Wengine husomea udaktari kwa kupenda koti jeupe. Yeye alikuwa na kesi ya kujibu.

Alimaliza sekondari hapa hapa Tabora, akaenda Muhimbili. Wanafunzi walipopimana damu maabara, akakuta kuwa yake ni O hasi kama ya mama yake. Kumbe mwili wa Bernadeta haukumwona mgeni, ndiyo maana ukamwacha. Alilia siku nzima, na kilio chenyewe kilikuwa cha hasira, kwa sababu wazee wa Cheyo waliomsema wengi wao walikuwa wamekwisha kufa na hapakuwa na wa kumsuta. Baada ya hapo alifanya kazi wilayani Nzega, akarudi kusomea ubingwa wa wanawake na uzazi, halafu akapata ufadhili wa ubingwa bobezi huko Chennai, India, wa kumtibu mtoto akiwa bado tumboni. Mwalimu wake wa huko, mama mfupi asiyecheka, alimpa mfuko wa plastiki uliojaa jeli, ndani yake umepitishwa mrija mwembamba, akamwambia autafute kwa sindano huku macho yakiwa kwenye kioo. Mkono usitazamwe. Adelina aliichoma mifuko hiyo miezi na miezi, mpaka akawa anaweza kuupata mrija huku akiulizwa habari za nyumbani kwao.

Basi sindano haikuwa tatizo. Tatizo lilikuwa damu. Mtoto kama yule huongezewa O hasi, tena iliyotolewa karibuni, na benki ya damu siku hiyo haikuwa nayo hata tone. Dar es Salaam waliahidi kutafuta. Adelina alikunja mkono wa blauzi, akamwambia mtu wa maabara, "Nitoe mimi." Damu ikapimwa magonjwa yote, ikazungushwa kwenye mashine mpaka ikabaki nzito. Mchana alipitisha sindano kwenye tumbo la Ng'washi, akaufikia mshipa wa kitovu mahali unapotoka kwenye kondo la nyuma, akaisukuma damu yake taratibu ndani ya mtoto wa watu. Kwenye kioo ilionekana ikiingia, vitone vyeupe vinakimbia gizani.

Alitoka na kijasho, amefurahi. Furaha ndiyo iliyomponza. Kwenye benchi la nje alimkuta Bibi Gaudensia, bibi yake Ng'washi, aliyemlea tangu utoto. Alikuwa mama wa Kanisa, rozari shingoni, kanga mbili, macho makali.

"Shikamoo, bibi. Mjukuu wako anaendelea vizuri, na mtoto tumemwongezea damu."

"Marahaba, mwanangu. Mungu akubariki. Damu ya nani?"

Mtoa damu hatajwi. Hilo hata mwanafunzi wa uuguzi analijua. Na yeye, Mnyamwezi mwenzake bibi huyo, angepaswa kulijua zaidi, maana nyumba nyingi za kando ya njia ya zamani ya misafara zina wazee wenye chale kifuani na hadithi ya chale hizo. Adelina alijibu tu, kama mtu anayetaja bei ya nyanya, "Yangu mwenyewe, bibi."

Bibi Gaudensia alivua kandambili zake, akasimama peku sakafuni.

"Mmechanjana," akasema. "Nani amesema maneno?"

"Maneno gani, bibi? Hii ni tiba."

"Babu yangu alikuwa mpagazi," bibi akasema kwa sauti ya chini. "Amekwenda na pembe mpaka pwani, akarudi na vitambaa. Kila nchi ngeni waliyoingia, mkubwa wa msafara alichanjana na mwenyeji, damu ya huyu ikaingia kwa yule, wakawa ndugu. Na babu yangu ndiye aliyekuwa anasema maneno. Anasugua visu viwili juu ya vichwa vyao, anaiambia damu ifanye nini na isifanye nini, iishie wapi. Baba alirithi, akanifundisha mimi kwa kuwa hakuwa na mtoto wa kiume. Damu isiyosemewa maneno, mwanangu, haijui mpaka. Inakwenda inakotaka."

Adelina alimshika bega kwa upole ule wa madaktari unaomaanisha tumemaliza, akaenda kula.

Siku mbili baadaye, kwenye kikao cha wakuu wa idara, alishikwa na kitu chini ya kitovu. Kilikuwa kitu kinachoruka, kidogo, kwa mpigo sawasawa, kikatulia, kikaanza tena. Hakuwahi kubeba mimba maishani mwake, lakini alikuwa ameviweka viganja vyake juu ya matumbo ya kutosha kujua anachohisi. Ilikuwa kwikwi ya mtoto. Aliomba radhi, akapanda ngazi mpaka wodini. Ng'washi alikuwa amekaa kitandani, mkono tumboni, anatabasamu.

"Dokta, ana kwikwi leo, tangu muda ule haachi."

Adelina alisimama mlangoni, na kwikwi ya tumbo la Ng'washi na ile ya tumbo lake zilikoma pamoja.

Alijiambia ni uchovu. Ukitoa damu na kunywa chai bila kitafunwa, mwili hukuzulia mambo. Lakini mtu aliyesomeshwa kupima hawezi kuacha kupima. Kesho yake alimweka Ng'washi kitandani kwa kipimo cha kawaida, sauti ya moyo wa mtoto imejaa chumba, na katikati ya kipimo akabana pumzi. Alibana mpaka kifua kikauma. Mapigo yakapungua. Yalishuka polepole, yakawa yanajikokota, na sista Julieth akageuka kutazama. Adelina akavuta hewa. Mapigo yakapanda.

"Mashine hiyo," Julieth akasema.

"Mashine," Adelina akasema. Akabana pumzi tena. Moyo wa mtoto ukashuka tena.

Hakurudia mara ya tatu, maana mwalimu wa Chennai alikuwa amemfundisha kuwa daktari akiingiwa na hofu, mkono wake unaondoka kwa mgonjwa. Alijifungia ofisini akaogopa, waziwazi, kama mtoto mdogo. Na juu ya hofu hiyo kulikuwa na jambo jingine. Hospitali moja ya Muscat ilikuwa imempa mkataba mnono na tarehe ya kuanza, miezi michache mbele, mtoto huyu atakapokuwa amekwisha kuzaliwa. Alikuwa amechoka na Tabora, na vifaa vya kuazima, na benki zisizo na damu. Sasa alijiona amekaa ndani ya ndege, amelala usingizi mzito juu ya bahari, na moyo wa mtu mwingine unapungua huku nyuma.

Jumapili, baada ya misa, alikwenda mtaa wa Ipuli, kwa jamaa ambako Bibi Gaudensia alikuwa amefikia.

"Sema hayo maneno, bibi," akamwambia kabla hajakaa.

Bibi hakuonyesha kufurahi kwamba ameaminiwa. Alionyesha woga. "Nimewahi kusema mara mbili tu, tena kwa watu wazima wawili waliokaa wakitazamana. Mtoto ambaye hajazaliwa sijamsemea. Sijui kama anasikia."

"Ananisikia mimi."

"Damu yake umekuja nayo?"

Alikuja nayo. Siku ya kuongeza damu mara ya pili alikuwa amechukua kwanza damu ya mtoto ya kupima, na tone lililobaki kwenye kichupa alilitia kwenye mkoba, akijiona mwizi. Walikaa uani juu ya mkeka, jua linawaka, kuku wanapita. Adelina alijitoboa kidole akachanganya damu yake na tone lile. Bibi akachukua visu viwili vya jikoni, akaanza kuvisugua juu ya kichwa cha dokta, taratibu, chuma kwa chuma, na sauti yake ikabadilika ikawa nzito, nusu Kinyamwezi nusu Kiswahili. Asiyemlisha nduguye, chakula kimkatae. Anayemkimbia nduguye njiani, njia imsahau. Kisha akasimamisha visu.

"Mpaka," akasema. "Taja mpaka wako. Mpaka wapi?"

Adelina alikuwa amejiandaa. "Mpaka atakapozaliwa," akajibu. "Akishazaliwa, kila mmoja ashike njia yake na chake."

Bibi alimtazama kwa muda, kama anayetaka kuuliza jambo, halafu akaendelea kusugua. Alipomaliza, alivilaza visu chini akavifunika kwa kanga.

Ajabu ya maneno yale ni kwamba yalifanya kazi. Kwikwi zilikoma. Adelina akabana pumzi mbele ya mashine, akaachia, akabana tena, na mapigo ya mtoto yakaendelea zake. Alimwongezea damu mara ya tatu na ya nne, kila mara damu yake mwenyewe, kidogo kidogo, na kwenye kioo uvimbe ukayeyuka, maji yakakauka, uso wa mtoto ukaonekana una mashavu. Wauguzi walishangaa kumsikia dokta anaimba mapambio koridoni. Tiketi ya Muscat ikakatwa.

Mimba ilipofika mwezi wa tisa alimzalisha Ng'washi mwenyewe, kwa njia ya kawaida, mchana kweupe. Mtoto wa kiume, mwekundu, mwenye sauti. Walimwita Ezekia. Bibi Gaudensia alipiga vigelegele mpaka mlinzi akaja kuangalia, na Ng'washi, ambaye hakuwahi kusikia mtoto wake hata mmoja akilia, alilia yeye kwa kwikwi huku amemshika. Adelina alikwenda chooni akalia pia. Alikuwa amemjibu kila mtu wa Cheyo.

Kesho yake asubuhi Ezekia alikuwa mweupe.

Hakutoka damu popote. Kitovu kilikuwa kimefungwa vizuri, kichwa kilipimwa, tumbo likapimwa. Wekundu wa damu ulikuwa unashuka tu, kila wakirudia kipimo umeshuka zaidi, na mtoto alikuwa amelala kwenye mashine ya joto wodi ya watoto wachanga, midomo yake inafanana na shuka. Mtu wa maabara alimpigia simu Adelina akicheka kidogo. "Dokta, huyu mtoto anasoma O hasi. Si mliniambia ana chanya?"

Adelina alielewa kwa kichwa kabla ya kuelewa kwa moyo. Mtoto aliyeongezewa damu mara nyingi tumboni huzaliwa na damu ya waliompa. Vitabu vinasema hivyo, na yeye mwenyewe alikuwa amewafundisha wanafunzi hivyo. Ya mtoto mwenyewe ilikwisha kuharibiwa yote. Iliyokuwa inazunguka mle ndani ilikuwa ya Adelina Ngassa.

Alitoa nyingine. Ilipitishwa kwenye mshipa wa Ezekia, chupa ikaisha, na rangi haikurudi. Madaktari wa watoto walisema maneno ya kitaalamu, wakapiga simu Dar, wakasimama wakiitazama dripu. Ng'washi alikuwa ameshika ukingo wa mashine ya joto. Alikwisha kupoteza wawili, na alijua jinsi inavyokwenda.

Adelina alimkuta Bibi Gaudensia koridoni.

"Ulisema kila mmoja ashike njia yake na chake," bibi akasema. Macho yake yalikuwa mekundu. "Nilitaka kukuuliza, mwanangu, na cha mtoto ni kipi? Sikukuuliza. Nilikuona wewe ni msomi, nikadhani unajua. Nisamehe."

"Yafute."

"Hayafutiki. Yanasemwa mengine juu yake, kama mnachanjana upya."

Waliingia. Sista Julieth aliwaona, akaona uso wa dokta, akawavutia pazia bila kuuliza. Adelina alichoma kisigino cha Ezekia, na kilichotoka kilikuwa chepesi, cha rangi ya maji ya rosela. Akajichanja kifuani kwa wembe mpya, mahali wazee walipochanja, akaipaka hapo damu ya mtoto; akachukua tone lake akaligusisha kwenye kisigino. Kisu hakiingizwi wodini, basi bibi alitoa vijiko viwili vya chai kutoka kwenye kikapu cha chakula, akaanza kuvisugua juu ya vichwa vyao. Vililia sauti nyembamba isiyopendeza, na watoto wote wa wodi ile, waliokuwa wakilia, wakanyamaza.

"Mpaka," bibi akanong'ona. "Taja mpaka."

Adelina alikitazama kile kifua kidogo kinachopanda kwa shida. Aliogopa kila mpaka. Mwezi mmoja, mwaka mmoja, mpaka atakapoanza shule, kila aliouwaza alimwona Ezekia ameufikia na kuwa mweupe tena. Mpaka mmoja alikwisha kuutaja, na matokeo yake ndiyo haya.

"Hakuna mpaka," akasema.

Vijiko vikasimama. "Fikiri, mwanangu."

"Bibi, hana muda wa mimi kufikiri. Hakuna mpaka."

Bibi akasugua mara ya mwisho. Wakasubiri. Masikio ndiyo yaliyoanza kupata rangi, halafu viganja, halafu midomo, na Ezekia akakunja uso akapiga kelele ya njaa. Nyuma ya pazia sista Julieth alisema, "Asante Yesu." Adelina alijisikia njaa kali, ya ghafla, na alijua si yake.

Ng'washi alikuwa ameona yote. Alimchukua mtoto, akamweka ziwani, akamfunika. Alipoinua kichwa hakushukuru, ingawa shukrani zilikuwa zimemjaa usoni. Alimtazama dokta kwa makini, nywele za mvi pembeni, mikunjo ya macho, mguu unaovimba jioni.

"Dokta," akauliza, "una miaka mingapi?"

"Arobaini na saba."

Ng'washi akatikisa kichwa taratibu, kama anayehesabu miaka ambayo mwanawe amebakiwa nayo. Bibi Gaudensia alikuwa amegeukia ukuta, vijiko mkononi.

Muscat walipewa udhuru wa kifamilia, na kwa kweli haukuwa uongo. Tangu hapo, kila basi la Igunga lililoingia Tabora lilikuwa na kifurushi cha dokta: mchele mpya, maziwa ya mgando, kuku wa kienyeji aliyefungwa miguu. Simu za Ng'washi hazikuwa na salamu ndefu. Umekula? Umelala? Usipande bodaboda, dokta, mvua ikinyesha chukua bajaji. Wauguzi walimtania kuwa amepata mkwe mkorofi. Adelina alicheka nao, akaacha kupanda bodaboda, akaacha chumvi mezani, akaanza kutembea kila asubuhi kabla ya kazi, yeye aliyekuwa akiwacheka wanaotembea bila safari. Ezekia alikua. Alitambaa, alisimama, alisema neno la kwanza, na Adelina alimwona kwa nadra, kwenye likizo, akikaa naye mbali kidogo, kwa kuwa mtoto huyo alikuwa na tabia ya kumwangalia kifuani.

Alikuwa na mwaka na nusu alipoanza kuumwa. Ng'washi alipiga simu asubuhi, Adelina akiwa kliniki, foleni imejaa mpaka nje.

"Dokta, Ezekia haeleweki. Hapa Igunga wamempima malaria, mkojo, choo, damu, kila kitu kisafi. Anacheza vizuri, halafu anasimama tu, anashika ziwa la kushoto, hapa pembeni karibu na kwapa, analia. Nimemkandakanda, hana kitu. Wanasema tumlete huko kwako apigwe picha. Tupande basi la saa ngapi?"

Adelina alisimama akafunga mlango wa kliniki. Alikuwa amegusa kivimbe hapo hapo, kwenye ziwa lake mwenyewe, akioga wiki tatu zilizopita, kigumu, hakisogei, hakiumi. Mgonjwa yeyote angemletea kitu kile angemkaripia kwa kuchelewa hata siku moja. Alikuwa amejiambia ataangalia baada ya sikukuu.

Upande wa pili wa simu Ezekia alikuwa analia, na Ng'washi alikuwa anasubiri jibu.

"Msipande basi," Adelina akasema. "Mtoto mwache hapo hapo acheze, mpe uji. Nakwenda kupimwa mimi."